Mwalimu Anajibu: Safari ya Ngazija, Kisiwa cha Karthala

Katika toleo lililopita niliandika kwa ufupi kuhusu Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Komoro, nikasema kwamba sisi watu wa mwambao tunakijua zaidi kwa ukoo na kwa dini kuliko tunavyokijua kwa macho. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengine pia wameyauliza kwa maneno yao, na baadhi nimezifupisha. Ngazija nimekwenda mara nne, mara ya kwanza nikiwa kijana aliyetumwa kupeleka rambirambi kwa jamaa za bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo ninayoyajibu nimeyaona kwa macho, na yale nisiyoyaona nimeyasoma kwa makini.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu watatu tumeshapanda Mlima Meru, na sasa tunataka kupanda Karthala. Je, volkano hiyo si ya hatari? Tutahitaji siku ngapi, na je, tunaweza kwenda wenyewe bila kiongozi?* (Msomaji, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Karthala ina kimo cha mita 2,361, na mtu aliyefika kilele cha Meru anaweza kuudharau mlima huu akiisikia tarakimu hiyo. Asiudharau. Meru mnaanza kupanda mkiwa tayari mko juu, na usiku mnalala kwenye vibanda vilivyojengwa kwa ajili yenu. Karthala mnaanza chini, si mbali na bahari, katika joto na unyevu wa pwani, na tangu mnapoanza hadi mnaporudi hamtakuta kijito wala chemchemi, kwa sababu mlima wote unafyonza mvua kama sifongo. Kila mmoja wenu abebe maji yasiyopungua lita tano, hata kama mabega yatalalamika.

Njia inayotumiwa zaidi huanzia Mvouni, kijiji kilicho juu ya mji wa Moroni, na kupanda kwake huchukua saa saba au nane kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwanza mtapita katika mashamba ya migomba na mihogo, na huko mtaiona vanila ikitambaa juu ya miti kama mtambaa wa kawaida, nayo ni mmea ambao kila ua lake huchavushwa kwa mkono, kwa kijiti, moja baada ya jingine. Kisha mtaingia msituni. Msitu wa Karthala una ndege ambao hawaishi mahali pengine popote duniani, akiwemo bundi mdogo wa mlima huo ambaye husikika kwa urahisi zaidi kuliko anavyoonekana, na ukungu hushuka humo tangu saa nne asubuhi. Baada ya msitu miti hufupika, ikawa vichaka vigumu vya jamii ile ile mnayoikuta Meru juu ya mstari wa msitu, halafu ardhi inakuwa nyeusi na tupu. Chukua kiganja kimoja cha changarawe ile uiangalie kwa karibu: ni nyepesi mno, na kila punje imejaa vitundu kama mkate wa kumimina, kwa sababu ilipoa ikiwa bado imejaa gesi.

Juu kabisa mtasimama kwenye ukingo wa kaldera, yaani shimo pana lililobaki kilele cha volkano kilipodidimia, yenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, ambayo sakafu yake imeinama ndani na kasoko likiwa katikati, na huko mtasikia harufu ya kibiriti. Siwashauri mpande na kushuka siku hiyo hiyo. Laleni huko, mlione jua la asubuhi likiingia katika kaldera kabla ukungu haujapanda, kisha mshuke. Nguo za baridi ni lazima. Mwaka nilipopanda mimi, kijana mmoja wa Moroni tuliyefuatana naye alikuja na fulana tu, akakesha akitetemeka tukimfunika kwa zamu.

Kuhusu hatari, volkano hii ni hai. Kati ya mwaka 2005 na 2007 ililipuka mara nne. Mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa gesi yake, na mwaka 1977 ardhi ilipasuka upande wa kusini magharibi, mbali na kilele, lava ikateremka mpaka ikaingia kijiji cha Singani na kubomoa nyumba za watu. Kuna kituo mjini Moroni, chini ya taasisi ya taifa ya utafiti, CNDRS, kinachopima mitetemo ya mlima usiku na mchana tangu mwaka 1988, na mtu mwenye akili huuliza hali ya mlima kabla ya kufunga mzigo. Ndiyo sababu swali lako la mwisho ninalijibu kwa neno moja: hapana. Msiende bila kiongozi. Mlimani kuna njia nyingi za wafugaji wa ng'ombe na wakata kuni, nazo zinafanana na njia yenu mpaka ukungu unapoondoka na mkajikuta mmesimama mahali pasipo na njia yoyote. Mtafuteni kiongozi Mvouni, mwenye kuupanda mlima mara kwa mara, mkubaliane malipo kabla ya safari, na mumbebee maji yake pia.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa jiografia alituambia kwamba Ngazija haina mito. Kisiwa chenye mvua nyingi kinakosaje mito, na watu wanakunywa nini?* (Msomaji, Morogoro)

Mwalimu wako amesema kweli, na swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu anayelielewa jibu lake ameielewa Ngazija nzima.

Mvua si kitu adimu huko. Upande wa magharibi wa Karthala hupata mvua kubwa sana. Tatizo ni jiwe. Katika visiwa vinne vya Komoro, Maore ndicho kikongwe na Ngazija ndicho kichanga, kwa maana kwamba volkano iliyokijenga haijamaliza kazi yake. Lava changa ina nyufa na matundu mengi, na bado haijapata muda wa kuoza na kuwa udongo mzito wa kushika maji juu ya ardhi. Kwa hiyo mvua ikianguka huzama moja kwa moja hadi chini sana, kisha husafiri gizani na kutokeza pembezoni mwa bahari, ambako huchanganyika na maji ya chumvi. Nzwani na Mwali, ambavyo ni vikongwe zaidi, vina vijito vinavyoteremka milimani. Ngazija haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima.

Watu basi wanaishi kwa mabirika. Mji wa Moroni hupata maji yanayopigwa pampu kutoka visimani, lakini vijijini, hasa vya milimani, kila nyumba inayojiweza ina birika lake la saruji, na paa la bati ndilo linalolijaza. Katika nyumba niliyofikia mara ya pili, mama mwenye nyumba alikuwa na desturi moja niliyoitazama kwa mshangao: mvua ya kwanza ilipoanza baada ya siku nyingi za jua, alitoka mbio na kukisogeza kipande cha mfereji wa bati ili maji yaanguke nje. Aliiacha mvua ioshe paa, vumbi na kinyesi cha ndege viondoke, akachota kidogo kwa kata, akayatazama, akayaonja kwa ncha ya ulimi, na hapo tu ndipo alipourudisha mfereji juu ya birika. Hakuna aliyemfundisha shuleni.

Sasa fikiria jambo lililowapata mwezi wa Novemba 2005, Karthala ilipomwaga majivu juu ya vijiji. Majivu hayakuua mashamba tu. Yaliingia katika mabirika, na maelfu kwa maelfu ya watu wakajikuta wana maji wasiyoweza kuyanywa, katika kisiwa ambacho hakuna mto wa kukimbilia. Wageni wanaokwenda huko, pamoja na wale vijana wa Arusha niliowajibu hapo juu, wakumbuke kwamba ndoo ya kuogea wanayopewa na mwenyeji wao inahesabiwa, hata kama yeye kwa adabu hatasema neno.

*Mwalimu, nataka kumpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, Ngazija kwa siku tano. Magoti yake hayamruhusu kupanda mlima wala kutembea sana. Je, kuna vya kuona kwa mtu kama yeye, au nitapoteza fedha?* (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, mama yako huenda akafaidi kuliko wapanda mlima. Ngazija ni kisiwa cha miji ya mawe, na miji hiyo inazungumza na mtu wa Mombasa au Lamu kwa lugha anayoielewa.

Anzeni Moroni, katika mtaa wa kale wa Badjanani, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Msikiti wa Ijumaa wa zamani uko pale pale ufukweni, mweupe, wenye matao yanayoitazama bandari ndogo ya majahazi. Ulijengwa mwaka 1427, na mnara wake uliongezwa mwaka 1921. Maji ya bahari yakitoka, vyombo hulala ubavu juu ya mawe meusi ya lava mbele ya matao hayo meupe. Nyuma ya msikiti kuna vichochoro ambavyo mama atavijua bila kuambiwa: milango ya kuchonga, vibaraza vya mawe, na vijia vyembamba vinavyoweka kivuli hata saa sita. Kumbukeni kufunika vichwa na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mjini humo humo liko kaburi la Sayyid Muhammad al-Maarouf, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye kwa mkono wake tarika ya Shadhiliya ilienea na kuvuka bahari kufika Unguja na mwambao wetu. Ikiwa mama ni mpenda ziara, hapo hatataka kuondoka.

Kaskazini kidogo ya Moroni ni Itsandra, mji wenye ngome ya zamani na ufuo wa mchanga mweupe. Ndiko alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumait mwaka 1861, kadhi mkubwa wa Unguja aliyefariki huko mwaka 1925, na mwanawe Sayyid Omar, ambaye naye alikuwa kadhi Unguja, alirejea Ngazija akafariki mwaka 1976. Wazee wa Mombasa wanayataja majina haya hadi leo. Juu ya Itsandra uko Ntsoudjini, mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, na ukuta huo hukujengwa kwa pambo.

Kwa nini ulijengwa, mtaelewa mkifika Iconi, kusini ya Moroni. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, mashua za wavamizi kutoka Madagaska zilikuja kwa makundi kuteka watu na kuwauza utumwani. Iconi uko chini ya jabali refu lililoachwa na volkano ya kale, na simulizi ya mji inasema kwamba wanawake walipoona mji umezidiwa walipanda jabalini wakajirusha baharini ili wasitekwe. Watu wa Iconi husimulia jambo hili kwa sauti ya chini, kama msiba wa juzi. Mama hana haja ya kupanda. Jabali linaonekana vizuri kutoka barabarani, na magofu ya jumba la masultani wa Bambao yako karibu. Kama ningekuwa na siku moja tu kisiwani, ningeitumia Iconi.

Siku nyingine kodini gari muende kaskazini hadi Mitsamiouli. Karibu na hapo kuna ghuba ndogo iliyofungwa na mawe ya lava, iitwayo Tundu la Mtume, yenye maji matulivu ya kijani ambamo mama anaweza kuketi na miguu majini. Mbele zaidi ni ziwa la chumvi lililojaa katika kasoko la kale hatua chache tu kutoka baharini, na mwisho wa kisiwa, karibu na Ivoini, upo mstari wa miamba iliyochongoka ambayo watu huita Mgongo wa Joka. Fuo za upande huo ni nyeupe kwa sababu ya matumbawe. Chomoni, upande wa mashariki, mchanga mweupe na mawe meusi vinakutana mahali pamoja, na kwa uzuri peke yake naupenda ufuo huo kuliko zote. Njiani mtapita mashamba ya milangilangi, ambayo hukatwa vilele makusudi ili matawi yajikunje chini na wachumaji wayafikie maua bila ngazi. Mafuta yanayokenekwa kutoka kwenye maua hayo hununuliwa na watengenezaji wa manukato wa Ufaransa, na Komoro ndiyo inayoongoza duniani kwa kuyatoa. Simamisheni gari, mshushe mama, na mchukueni ua moja tu mmpe mkononi.

*Je, nikizungumza Kiswahili nitaelewana na watu? Sijui Kifaransa.* (Msomaji, Dar es Salaam)

Utaelewana na wengi, lakini si na wote. Kingazija na Kiswahili ni lugha za tumbo moja, na wazee wengi waliwahi kuishi Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, au wana ndugu huko. Vijana waliosoma shuleni hutumia Kifaransa zaidi. Ukiongea polepole, na ukilifundisha sikio lako kwamba pale sisi tunaposema “mtu” wao watasema “mdru”, utaanza kushika maana siku ya pili.

Jambo la kwanza ni salamu. Mkubwa wako usimsalimie “shikamoo”. Mwambie “kwezi”, naye atakujibu “mbona”. Usishangae, si swali. Kwa watu wa rika lako “bariza” inatosha, nayo ndiyo “habari za” yetu iliyofupishwa. Na ukisikia mtu anakwambia “marahaba”, anakushukuru. Mara yangu ya kwanza mtoto wa miaka kumi hivi alinibebea mkoba hadi mlangoni, nikampa sarafu, akanitazama usoni akasema “marahaba”. Kwa mtu aliyelelewa Unguja neno hilo kutoka kinywani mwa mtoto ni zito, na nilibaki nimesimama mlangoni mpaka mwenyeji wangu aliponieleza kwamba mtoto ameonyesha adabu kamili.

*Sisi Tanga tuna samaki wa kale, silikanti, na tumeambiwa kwamba Ngazija pia wapo. Je, mgeni anaweza kumwona?* (Msomaji, Tanga)

Anaweza kumwona akiwa amehifadhiwa, si akiwa hai. Huko wanamwita gombessa. Wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na dainosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. J. L. B. Smith, mtaalamu aliyemtambua, alimtafuta wa pili kwa miaka 14, na akapatikana Nzwani mwezi wa Desemba 1952. Wavuvi wa Komoro walishangaa kwamba watu wazima wanasafiri kwa ndege kumfuata samaki ambaye wao walikuwa wakimjua siku zote. Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani, Hans Fricke, alishuka kwa nyambizi ndogo nje ya pwani ya Ngazija akampiga picha akiwa hai kwa mara ya kwanza katika makazi yake, na ikafahamika kwamba mchana hujificha katika mapango ya lava, kina cha mita 150 hadi 250 hivi. Karthala imemjengea nyumba hata yeye.

Nenda katika makumbusho ya CNDRS mjini Moroni. Simama mbele ya samaki huyo uyaangalie mapezi, jinsi yalivyoota juu ya vishina vyenye nyama kama mikono mifupi, na uyatazame magamba yake magumu yenye madoa meupe. Ninyi wa Tanga mna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili yake, kwa hiyo unajua tayari kwamba anayemnunua samaki huyu kwa siri anamwangamiza.

*Nimealikwa na rafiki wa Kikomoro kwenye harusi ya kaka yake mwezi wa Agosti. Anasema ni “harusi kubwa”. Ni harusi ya namna gani, na mgeni afanye nini?* (Msomaji, Maskati)

Umepata bahati ambayo haiuzwi na wakala yeyote wa safari. Hiyo ni harusi ya ada, na aghalabu mume na mke wameshaoana kisheria miaka mingi kabla yake, pengine wana watoto wakubwa. Harusi ya ada ni deni la mtu kwa mji wake. Mwanamume asiyeifanya, hata akiwa na mvi, huhesabiwa miongoni mwa “wanamdji”, yaani wana wa mji. Akishaifanya huwa “mdru mdzima”, mtu mzima, na hapo hupata haki ya kusema katika baraza la mji na kuketi safu za mbele. Hufanywa sana Julai na Agosti, kwa sababu ndipo jamaa walioko Ufaransa, hasa Marseille, wanaporudi na akiba za miaka. Gharama zake ni nzito, na Wangazija wenyewe wanabishana juu yake kwa uchungu. Mimi nadhani ubishi huo ni wao, na mgeni auache.

Utaona wanaume wamevaa makanzu na majoho yaliyotariziwa, dhahabu ikipelekwa kwa bibi harusi kwa maandamano, na wanawake waliojipaka usoni msindzano, ambao ni liwa yetu, mti wa msandali unaosagwa kwa maji juu ya jiwe la tumbawe. Utaona pia kwamba bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe. Nyumba ni ya mwanamke, imejengwa na watu wake, na hurithiwa na mabinti. Vaa kanzu na kofia, fika kwa wakati, peleka zawadi yako kupitia kwa rafiki yako ambaye anajua kiasi kinachofaa, na usiwapige picha wanawake ila kwa idhini yao. Ukikaribishwa chakula, kisha ukaletewa mataba, ambacho ni kisamvu cha nazi kilichopikwa hata kikalegea, kula, urudie.

*Tafadhali tueleze kuhusu fedha, viza na majira.* (Msomaji, Nairobi)

Fedha ni faranga ya Komoro, iliyofungamanishwa na yuro kwa kiwango kisichobadilika cha faranga 492 hivi kwa yuro moja; chukueni yuro taslimu, kwani nje ya Moroni kadi za benki hazitawafaa. Viza kwa kawaida hutolewa kwa malipo uwanja wa ndege wa Hahaya, lakini ulizeni ubalozi kabla ya kukata tiketi, na mchukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Miezi ya ukavu na ubaridi ni Mei hadi Oktoba, wakati wa kusi. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni joto, mvua na vimbunga, kama kile cha Kenneth kilichokipiga kisiwa Aprili 2019. Mkitaka kuvuka kwenda Mwali kuwaona kasa wa Itsamia, jambo ambalo nawahimiza, nendeni kwa ndege au kwa chombo kikubwa chenye majaketi ya kuokolea. Msipande boti ndogo zilizojaza watu, hata kama nahodha anaapa.

*Babu yangu alihamia Unguja kutoka Ngazija kabla ya vita vya pili vya dunia. Ninalijua jina la mji wake, na jina lake, na la mama yake, basi. Nina miaka 61 na nataka kwenda kabla sijafa. Nitawapataje ndugu zangu?* (Msomaji, Unguja)

Ndugu yangu, jina la mama yake ndilo muhimu, kuliko unavyodhani. Kama nilivyomweleza msomaji wa Maskati, huko nyumba na ardhi ya ukoo, ambayo huiita “manyahuli”, hufuata wanawake. Babu yako aliondoka, na pengine jina lake limesahauliwa, lakini nyumba ya mama yake kwa wingi wa uwezekano bado iko mikononi mwa mjukuu au kitukuu wa kike wa ukoo ule ule.

Ufike katika mji huo baada ya sala ya Alasiri. Kila mji una “bangwe”, uwanja wa hadhara wenye viti vya mawe, na saa hiyo wazee huwa wameketi hapo. Sali pamoja nao kwanza, kisha uwaambie “kwezi”, uketi pembeni mahali utakapoonyeshwa, kwa sababu viti vile vina wenyewe kwa daraja zao. Usianze kuuliza. Watakuuliza wao umetoka wapi, nawe ujibu kwa Kiswahili bila haya. Kisha taja jina la mama wa babu yako kwanza, na la babu baadaye. Wataanza kubishana wao kwa wao kwa Kingazija, mmoja atamtuma mtoto akimbie mahali fulani, na wewe uendelee kuketi hapo mpaka mtoto arudi.